UZI: Ndege ya rimoti ya fomubodi, mita 1.2 ncha kwa ncha. Vipimo, uzito, umeme na kuseti kwa hali ya hewa ya Dar

Bawa_la_Juu:

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya ndege za rimoti yametawanyika sana humu, na majibu mengi huanzia kwenye mota. Mota ni jambo la tatu. La kwanza ni uzito na mahali ulipokaa, la pili ni unyoofu. Ndege inayoanguka sekunde kumi baada ya kurushwa huwa imeshaanguka tangu mezani: nzito mno, bawa limepinda, au uzito umekaa nyuma. Naweka ramani moja kamili ya ndege ya fomubodi (ubao mwepesi wa povu lenye karatasi pande zote mbili), tuijadili kipande kwa kipande.

Bawa linakaa juu ya bodi (kiwiliwili cha ndege), mota mbele, magurudumu mawili mbele na moja dogo mkiani. Urefu wa bawa ni sm 120. Upana, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, ni mm 200, na ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Hapo una eneo la desimita 24 za mraba. Bawa la mstatili halipendezi macho kama lililochongoka, lakini kasi ikipungua huanza kuishiwa nguvu ya kunyanyua katikati, si kwenye ncha. Ndege inashusha pua taratibu badala ya kulala upande mmoja. Anayejifunza anahitaji hilo kuliko uzuri.

Ukilikata bawa na kulitazama ubavuni: chini bapa, juu mgongo wa duara, unene mm 24 kwenye mm 60 kutoka mbele. Ni ndugu wa Clark Y, umbo alilolichora Virginius Clark mwaka 1922, lenye unene wa asilimia 11.7. Limedumu kwa sababu nyingi, na mojawapo inamhusu fundi moja kwa moja: chini likiwa bapa, unalijenga juu ya meza iliyonyooka na bawa linatoka limenyooka.

Mkia mlalo ni mm 400 kwa 115, na ndani ya hiyo 115 eleveta (kipande cha nyuma kinachoinua na kushusha pua) ina mm 35. Kutoka robo ya upana wa bawa hadi robo ya upana wa mkia ni mm 520. Vipimo hivi havikukisiwa. Zidisha eneo la mkia kwa umbali wake, kisha gawanya kwa eneo la bawa mara upana wa bawa: 4.6 × 5.2 ÷ (24 × 2) unapata kama 0.5, na ndege ya kujifunzia inataka kati ya 0.45 na 0.6. Ukifupisha mkia ili ndege iingie kwenye buti la gari, ongeza eneo la mkia, la sivyo itakuwa inarukaruka pua juu na chini. Mkia wima ni mm 170 kwenda juu na 130 upana, usukani wake mm 50. Bodi ni sanduku la mm 70 kwa 90, na kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi kibao cha mota ni mm 180. Urefu wote unafika kama mm 840.

Sasa bajeti ya uzito, kwa gramu. Fomubodi 350, gundi 40, mti wa ndani ya bawa (boriti inayobeba mzigo) 30, mota 55, kidhibiti mwendo cha mota (kile wanachoandika ESC) 25, betri 185, sevo nne (mota ndogo za kusogeza eleveta, usukani na vingine) 36, nyaya za kurefushia 20, risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) 15, propela na shikizo lake 20, magurudumu na waya wake 60, waya za kusukumia na pembe zake (vishikizo vidogo vinavyoshika waya kwenye eleveta na usukani) 40. Jumla 876. Andika bajeti hii ukutani, na pima kila kitu kabla hakijagundishwa.

Kwa gramu 880, bawa hili linaendelea kunyanyua mpaka kasi ishuke hadi karibu mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Ikifika gramu 1,300 inataka mita 9 kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kutua kwa kutembea na kutua kwa kuvunja pua.

Kidato_cha_Sita:

Shikamooni wakuu. Balsa (mbao nyepesi sana) haipatikani madukani huku. Fomubodi za maduka ya vifaa vya shule Kariakoo zinafaa? Nimeona zinatofautiana sana uzito. Na gundi gani, maana supaglu imetoboa shimo kwenye kipande cha majaribio.

Bawa_la_Juu:

Marahaba mdogo wangu. Nenda na mizani ndogo ya jikoni, ile ya kidijitali. Karatasi ya A1 ni mm 594 kwa 841, yaani nusu mita ya mraba. Ndege hii inakula kama mita moja ya mraba, sawa na A1 mbili. Kama A1 ya unene wa mm 5 ina gramu 175 au pungufu, nunua. Ikiwa gramu 300, ndege nzima inakuwa na gramu 250 zaidi ya bajeti, na unayaona matokeo yake kwenye hesabu ya kasi hapo juu. Ukikosa nyepesi, bandua karatasi ya upande wa ndani kwenye ubavu wa bodi na nusu ya nyuma ya bawa. Usibandue kwenye mgongo wa bawa karibu na mti wa ndani, pale karatasi ndiyo inayobeba mzigo.

Supaglu ya kawaida inayeyusha povu la polistairini. Gundi ya viatu nayo hivyo hivyo, kwa sababu ya kiyeyushi chake. Zinazofaa ni tatu. Gundi nyeupe ya mbao kwa sehemu pana zenye karatasi, lakini inataka hewa ili ikauke, kwa hiyo usiiweke katikati ya nyuso mbili za plastiki. Epoksi ya dakika 5 kwa kibao cha mota na mahali magurudumu yanaposhika. Gundi ya moto kwa mengine yote.

Gundi ya moto ndiyo inayonenepesha ndege bila mtu kujua. Kijiti kimoja cha mm 11 chenye urefu wa sm 20 kina karibu gramu 19. Bajeti ya gramu 40 ni vijiti viwili tu, kwa ndege nzima! Paka mstari mwembamba, bana, futa inayotoka pembeni ikiwa bado laini. Halafu kuna jua la Dar. Gari likiachwa juani mchana, ndani kunapita nyuzijoto 60, na gundi ya vijiti vya joto la chini huanza kulegea. Kibao cha mota kilichoshikwa na gundi ya moto peke yake kitasogea, na kikisogea nyuzi tatu ndege inabadilika tabia. Hapo ni epoksi, pamoja na vijiti vinne vya mishikaki vinavyopita kwenye pembe za bodi.

Mti wa ndani ya bawa: kunja fomubodi iwe boriti inayoenea ndani ya bawa, ilaze kwenye mm 60 kutoka mbele, juu yake na chini yake gundisha vijiti vya mishikaki vilivyopishana angalau sm 8 kwenye kila kiungo. Katikati ya bawa funga selotepu yenye nyuzi, mizunguko miwili. Kisha jaribu. Kuinua ndege kwa kushika ncha mbili za bawa ni sawa na kuipa mzigo mara mbili ya ule inaoubeba ikiruka sawasawa. Ongeza mfuko wa sukari wa nusu kilo ndani ya bodi, unakuwa kama mara tatu. Likistahimili hilo bila kulia wala kukunja karatasi ya juu, linatosha.

Unyevu sasa. Masika, karatasi ya fomubodi hunyonya maji kwenye kingo, inabanduka, na mbaya zaidi bawa linajisokota. Ziba kingo zote kwa selotepu pana ya kufungia maboksi, kisha paka karatasi vanishi ya maji, tabaka moja jepesi. Ya mafuta inaingia kwenye kingo na kula povu. Kila kabla ya kuruka, shika ndege mbele ya macho, itazame kutoka nyuma, linganisha ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto na la kulia. Tofauti ya mm 7 kwenye ncha ni kama nyuzi 2, na nyuzi 2 zinatosha kuifanya ilale upande mmoja siku nzima.

Solda60:

Niingie kwenye umeme, maana huku ndiko watu wanakounguza vitu.

Mota: 2212 (namba ya ukubwa wake) ya KV 1000 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu, propela ya inchi 10×4.5 (kipenyo kwa pichi, yaani umbali inaojisukuma kwa mzunguko mmoja). Kwa moto wote (nguvu yote ya mota) inakula kati ya ampea 13 na 16, kutegemea ubora wa mota. Hizi 2212 za bei nafuu nyingi zimeandikwa ampea 12 kwa sekunde 60, kwa hiyo moto wote ni wa kupaa tu, kisha rudisha fimbo nusu. Kwa ampea 14 na volti 11.1 una wati 155, karibu wati 175 kwa kila kilo. Ndege ya kujifunzia inataka 150 hadi 200, basi.

Kwa nini si KV 2200 na propela ndogo? Kwa sababu propela ndogo inayozunguka kwa kasi sana inatupa hewa kidogo kwa mwendo mkubwa, inafaa ndege ya mbio. Propela ya pichi 4.5 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika inasukuma hewa kama mita 15 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya chini ya bawa hili. Uwiano huo wa mbili kwa moja ndio ninaoutafuta kwenye ndege yoyote ya polepole.

Kidhibiti mwendo chukua cha ampea 30, si cha 20, kwa sababu ya joto. Vingi vya aina hii vina kipunguza volti cha ndani cha 5V 2A, cha mtindo wa kuunguza ziada kuwa joto. Sevo zikila ampea 1, volti 6 zinazobaki zinageuka wati 6 za joto, juu ya joto la kazi yake ya kawaida. Sevo nne za gramu 9 kinazimudu. Ukiweka sita, au zenye gia za chuma, tafuta kipunguza volti cha nje, ukate waya mwekundu wa kile cha ndani. Toboa tundu la hewa la sm 2 za mraba puani, na la kutokea nyuma liwe mara mbili ya hilo. Tundu la kuingilia peke yake halisaidii, hewa isiyo na pa kutokea haiingii.

Kulehemu konekta za XT60 (plagi za betri) kunataka pasi ya wati 60. Pasi ya wati 25 unaishikilia sekunde ishirini, plastiki inayeyuka, pini zinahama. Pachika konekta ya upande wa pili kwanza ili zishikane, pakaza risasi kwenye waya, pakaza risasi kwenye kikombe, kisha unganisha. Risasi ikipoa ing'ae. Ikiwa na rangi ya majivu na chembechembe, rudia. Chumvi ya pwani inaingia kwenye viungo kama hivyo mapema sana.

Mota ikizunguka kinyume, badilisha waya zozote mbili kati ya tatu. Maandishi ya propela yatazame mbele, ndege inakoelekea. Ikiwekwa kinyume bado inasukuma kiasi, kwa hiyo mtu haoni kosa, analaumu mota.

Mwana_Kusi:

Wakuu nondo hizi ni nzito, shukrani. Swali: ndege ikiinua pua kila unapoongeza moto, kisha inapoteza kasi na kudondosha pua, kosa ni kitovu cha uzito au ni mota?

Rubani_wa_Alfajiri:

Mkuu, inaweza kuwa vyote viwili, na dawa zake zinapingana, kwa hiyo usibahatishe.

Anza na kitovu cha uzito. Kwa bawa la mm 200, weka alama mm 55 na mm 60 kutoka ukingo wa mbele, chini ya bawa, pande zote mbili. Betri ikiwa mahali pake, inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama. Ikae mlalo au pua ishuke kidogo tu. Safari ya kwanza tumia mm 55. Ukipita mm 66 uko kwenye theluthi, na hapo ndege inaanza kukataa kutulia.

Kosa la kawaida ni mkia mzito. Gramu 20 za gundi na selotepu huko nyuma, mm 550 kutoka kitovu, zinarudisha kitovu mm 12. Kuzifuta hizo inabidi usogeze betri mbele sm 6, au uweke chubwi ya gramu 55 puani. Umelipa karibu mara tatu. Sogeza betri kwanza, chubwi ni njia ya mwisho. Ndiyo maana sehemu ya betri iwe ndefu, angalau sm 18 kwa betri ya sm 11, na betri ishikwe na mkanda wa kunata usioteleza. Betri ikihama angani, kitovu kimehama nayo.

Pembe ya mota inafuata. Ndege ya bawa la juu ina mota chini ya bawa, kwa hiyo msukumo unaelekea kuinua pua, na kasi ikizidi bawa lenyewe linanyanyua zaidi. Elekeza mota chini nyuzi 2 hadi 3, na kulia nyuzi 2. Kulia, kwa sababu propela ikizunguka saa kwa saa ukiitazama kutoka nyuma, msokoto wake unailaza ndege kushoto, na hewa inayozunguka bodi inaupiga mkia wima na kuipeleka pua kushoto. Kwa shikizo lenye skrubu zilizoachana mm 30, washa (kibati cha duara cha skrubu) ya mm 1 ni kama nyuzi 2. Washa nyuma ya skrubu za juu zinaelekeza mota chini. Washa nyuma ya skrubu za kushoto, ukiwa umesimama nyuma ya ndege, zinaielekeza kulia.

Sasa namna ya kutofautisha. Panda mita 40 au zaidi, weka trimu (marekebisho madogo ya rimoti) ndege iende sawa kwa nusu ya moto. Ondoa moto wote. Ikiteleza vizuri bila moto lakini ikainua pua ukiongeza, tatizo ni pembe ya mota. Kisha, moto ukiwa umezimwa, ielekeze chini nyuzi 30 na uachie fimbo. Ikijivuta juu kwa nguvu, pua ni nzito na umeificha kwa trimu ya eleveta. Ikizidi kuchimba chini, mkia ni mzito, iokoe haraka. Ikiendelea na mstari au kuinuka polepole, usiguse kitu.

Na pembe ya bawa dhidi ya mkia: bawa nyuzi 2 juu ya mkia mlalo, inatosha. Nimeona michoro yenye nyuzi 5. Hiyo ndiyo inayozaa ndege inayopanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi.

Fundi_Tabata:

Sevo nne maana yake kuna eleroni (vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege), na mimi sikubaliani na eleroni kwa mwanzo. Chaneli tatu zinatosha: moto, eleveta, usukani. Ncha za bawa zinyanyuliwe, ndege inajirudi yenyewe. Sevo mbili pungufu, na gramu 30 umeokoa.

Bawa_la_Juu:

Hoja ina uzito, mkuu, na kwa asubuhi tulivu uko sahihi kabisa. Kwa chaneli tatu inua kila ncha nyuzi 5, yaani mm 52 kwa nusu bawa ya mm 600, na ongeza usukani uwe mm 65. Shida ni upepo wa ubavuni: ncha zilizonyanyuliwa hivyo hupigwa na upepo, na usukani unachelewa kurekebisha wakati ndege iko mita moja juu ya ardhi. Ndiyo sababu nimeweka eleroni za mm 450 kwa 45 na kuinua ncha nyuzi 2 tu, mm 21. Anayejenga bawa mbili, moja ya kila aina, kwa bodi ile ile, hatajuta. Bawa linashikwa kwa mpira, linabadilishwa dakika moja.

Fundi_Tabata:

Hilo la bawa mbili nalipokea. Mpira uwe wa kutosha: wenye upana wa mm 6, vipande sita, viwili vya mwisho vikatane kama X. Jua linaukausha, kwa hiyo ukiona nyufa ndogo ukiuvuta, tupa.

Binti_Mekatroniki:

Kaka zangu mmesahau rimoti, na ndiko wengi wanakokosea. Naandika kwa mpangilio ninaoufuata. Propela IMETOLEWA mpaka niseme.

Unganisha risiva na rimoti kwanza. Angalia mpangilio wa chaneli kwa chapa ya rimoti: FlySky inaanza eleroni, eleveta, moto, usukani, Spektrum inaanza na moto, kisha eleroni, eleveta, usukani. Ukihamisha nyaya kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kukumbuka hili, fimbo ya eleroni au eleveta inawasha mota.

Fundisha kidhibiti mwendo masafa ya fimbo: rimoti imewashwa, fimbo ya moto juu kabisa, chomeka betri, ikilia milio miwili shusha fimbo chini kabisa, subiri mlio wa kuthibitisha. Bila hatua hii mota inaweza kuanza nusu ya fimbo au isifike mwisho.

Weka trimu zote sifuri. Washa, kisha ndipo ufunge mkono wa sevo ukiwa wima, nyuzi 90 na waya. Meno ya sevo hayakubali pembe kamili kila mara, jaribu mkono uliogeuzwa upande mwingine kabla ya kurekebisha kwa menyu. Waya wa kusukumia ukae tundu la ndani kwenye mkono wa sevo na tundu la nje kwenye pembe ya eleveta. Hapo sevo inafanya kazi kwa masafa yake yote, na ulegevu unagawanyika. Watu wanafanya kinyume kisha wanapunguza asilimia kwenye rimoti hadi 40; wanapoteza nguvu na usahihi, na ule ulegevu ndio unaoanzisha mtetemo wa eleveta kwenye kasi. Spoku ya baiskeli ni nzuri kwa waya mfupi wa eleroni. Kwa mkia pitisha waya mwembamba ndani ya bomba la plastiki, libandike kila sm 12 ili lisijipinde.

Mwelekeo: simama NYUMA ya ndege. Fimbo kulia, eleroni ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka. Vuta fimbo kwako, eleveta inapanda. Usukani kulia, unakwenda kulia. Sema kwa sauti na aliye jirani akuthibitishie. Eleroni iliyogeuzwa haiokoki angani.

Masafa, yapimwe kwa rula kwenye ukingo wa nyuma: eleroni juu mm 12 na chini mm 7, eleveta mm 10 kila upande, usukani mm 20. Eleroni inapanda zaidi ya inavyoshuka kwa sababu inayoshuka huongeza ukinzani wa hewa na kuvuta pua upande usiotakiwa. Ekspo (kulainisha fimbo karibu na katikati) asilimia 30 kwa eleroni na eleveta. Kwenye rimoti nyingine ekspo ya kulainisha ni hasi, kwa hiyo tazama mchoro wa mkunjo: katikati uwe umelala.

Halafu mpangilio wa mawimbi yakikatika. Moto uwe sifuri, vingine katikati. Usiamini menyu, zima rimoti mota ikiwa inazunguka taratibu bila propela, uone inasimama. Antena mbili za risiva ziwe nyuzi 90 kwa kila moja, mbali na betri na nyaya za mota. Mwisho, rimoti yenye hali ya kupima umbali wa mawimbi, iweke kwenye hali hiyo, tembea hatua 30, mwenzako ameshika ndege. Sevo zikitetemeka, usiruke.

Sasa weka propela.

Mwana_Kusi:

Dada umenifungua macho hapo kwenye matundu ya sevo. Na upepo? Nipo Kigamboni.

Rubani_wa_Alfajiri:

Ndege inayobaki hewani kwa mita 7.5 kwa sekunde inaruka kwa raha upepo ukiwa mita 3, majani ya mnazi yanachezacheza tu. Ukifika mita 6 inaning'inia mahali pamoja, na ukigeuka kufuata upepo imeshafika kwa jirani. Dar inakupa saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi. Baadaye ardhi inapata joto na upepo wa bahari unaingia. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, huamka mapema na hupiga kwa nguvu. Kaskazi kuna siku nzuri zaidi, ila joto ni kali na hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa kama asilimia 5 kuliko ya nyuzi 15, kwa hiyo mkimbio wa kupaa unaongezeka kidogo.

Usirushie mchangani ufukweni. Chembe nyeusi za chuma kwenye mchanga zinanaswa na sumaku za mota, na chumvi inaila bearingi. Tafuta uwanja wa nyasi, kwa idhini ya mwenyewe, bila watu, mbali na nguzo za umeme.

Kuhusu sheria: vyombo vya anga visivyo na rubani vinasimamiwa na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania). Pata kibali kabla, usisubiri kuulizwa. Uwanja wa Julius Nyerere una njia ya kurukia na kutua ya 05/23, kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, na ndege kubwa zinashuka chini sana kwenye mstari huo. Kipawa, Vingunguti, Ukonga, Gongo la Mboto, hapana kabisa, hata kwa ndege ya gramu 200. Karibu na kambi za jeshi na Ikulu, hapana vilevile.

Kidato_cha_Sita:

Safari ya kwanza naomba mpangilio. Na betri inakaa dakika ngapi?

Rubani_wa_Alfajiri:

Wawili: mmoja rimoti, mmoja ndege. Uso kwa upepo. Ukirusha kwa mkono, moto theluthi mbili, mrushaji anatembea hatua tatu na kuisukuma mbele mlalo, kama anatupa mkuki. Akiitupa juu, inaishiwa kasi hapo hapo. Usigeuke hadi mita 15. Pandisha hadi 40, trimu, duara pana. Ukiwa juu, punguza moto na vuta eleveta polepole uone inavyoishiwa nguvu: inadondosha pua au inalala? Jibu hilo ulijue juu, si wakati wa kutua. Tua uso kwa upepo, ukipunguza moto, bila kuvuta eleveta kwa pupa.

Muda: betri ya 2,200 mAh, tumia asilimia 80, yaani 1,760. Wastani wa ampea 8 ni dakika 13. Weka kengele ya rimoti dakika 8 kwa safari za mwanzo, ukishuka pima seli. Ikiwa juu ya 3.7V kila moja, ongeza dakika.

Solda60:

Na kuchaji: 2,200 mAh inachajiwa kwa ampea 2.2, hali ya kusawazisha seli, mwisho 4.2V kila seli. Umeme ukikatika, chaja za aina ya B6 zinakubali volti 11 hadi 18, kwa hiyo betri ya gari au ya sola ya 12V inafanya kazi. Chaji juu ya vigae au saruji, ndoo ya mchanga pembeni, uwepo. Isiyotumika zaidi ya siku mbili tatu irudishwe 3.8V kwa seli, ikae kivulini. Iliyovimba haichajiwi tena.

Kidato_cha_Sita:

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: skrubu za mota zinalegea kila baada ya kuwasha, hata nikizikaza.

Solda60:

Sababu ni mtetemo. Sawazisha propela kwanza: ipitishe kwenye kijiti laini kilicholala, ukishuka upande mmoja, bandika kipande kidogo cha selotepu upande wa pili mpaka itulie mlalo. Kisha toa skrubu moja moja, tia tone la rangi ya kucha kwenye meno, kaza, acha saa moja. Ukitaka kuifungua baadaye inakubali.

Angalia pia urefu wake. Skrubu ndefu mno inagusa koili za mota kwa ndani. Geuza mota kwa mkono, na pima kwa mita kati ya skrubu na kila waya wa mota. Mita ikilia, toa skrubu, weka fupi kabla hujachomeka betri.